Sheria ya Kuchunguza Nyasi

Nianze na reki, maana vijana wa siku hizi mnaidharau. Reki ya kusafishia mdomo wa bwawa lazima iwe na mpini wa mkaratusi mkavu, mrefu kuliko nyumba, uliokatwa mlimani na kuanikwa kivulini mpaka uache kutoa maji. Mianzi ni myepesi, nakubali, na inapendeza mkononi, lakini siku mgomba mzima utakaponasa chini itakuvunjikia na utabaki umeshika kijiti. Mpini wa chuma tuliletewa mara moja na mtu wa ofisini aliyekuwa amefikiri sana. Ulizama na meno yake yote siku ya kwanza, na mpaka leo uko chini pale unalinda mto.

Nimestaafu mwaka huu. Mmeniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi, nami sitawachosha na vyeo, kwa sababu cheo hakijawahi kutoa hata unyasi mmoja kwenye maji. Jina la mto sitaji, wala la shirika. Watu wa Bukavu wanajua umeme wao unatoka wapi, na wasiojua hawajawahi kuuliza. Niseme pia mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Nilijaribu kuandika kwa upole, nikachana karatasi.

Kwa asiyejua kazi yetu: bwawa linazuia mto, na ubavuni mwake kuna mdomo ambao tunauita prise. Hapo maji yanaingia kwenye bomba kubwa na kushuka kwenda kuzungusha mashine ya umeme. Mbele ya mdomo kuna grille, vyuma vilivyosimama wima karibu karibu, ili takataka zisipite zikaua mashine. Nyuma ya grille kuna vanne, mlango wa chuma unaoshushwa kwa kuzungusha gurudumu. Waliojenga bwawa waliweka mdomo mmoja tu na vanne moja tu, kwa sababu wakati huo mji ulikuwa mdogo na wao wenyewe walilala kila mchana. Ukishusha vanne, mashine inasimama na mtaa wote wa Ibanda kule mjini unakosa umeme: ofisi, benki, nyumba za wakubwa kule ziwani. Hospitali ina jenereta yake, tulihakikisha hilo mapema. Usiposhusha vanne, na grille imeziba, maji yanavuta kila kilicho mbele yake na kukibandika kwenye vyuma. Yote nitakayosimulia yanatoka hapo.

Niliingia kazini wakati nchi ilipopewa jina la Zaïre. Nilitoka shule ya ufundi ya mapadri nikiitwa Dieudonné, na kabla sijazoea buti jina lenyewe, kama majina yote ya Kikristo, likakatazwa, nikabaki Mushagalusa. Mkubwa wetu pale prise, Papa Mugisho, aliendelea kuniita Dieu, kwa sauti ya chini, akisema kwenye kazi ya maji hawezi kukaa bila kumtaja Mungu. Alikuwa mtu wa Walungu, mfupi, mwenye mabega ya kubeba magunia, na hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa misa.

Siku ya kwanza nilifika na shati lililopigwa pasi, nimejiandaa kuonyesha nilichosoma. Akanielekeza kwenye jiwe kando ya mdomo.

“Ikala pale, usikie maji.”

“Nisikie nini, Papa?”

“Sikia tu. Ukishasikia utaniambia.”

Nikakaa asubuhi nzima. Adhuhuri akaja na viazi vitamu, akaniuliza maji yamesema nini. Nikamwambia ukweli, kwamba maji yanapiga kelele tu.

“Asubuyi ilikuwa inasema mambo moja, sasa inasema ingine,” akasema. “Grille inaanza kufunga. Masikio yako bado iko ya shule. Itafunguka.”

Yalichukua muda, lakini yalifunguka. Grille inapoziba, mlio wa maji unapanda na kuwa mwembamba, na huko chini mashine inaanza kukohoa. Halafu unaangalia alama nyekundu zilizopakwa ukutani, moja mbele ya grille na moja nyuma. Maji ya mbele yakiwa juu na ya nyuma yakiwa chini, hapo kuna kifo. Papa Mugisho alinifundisha hivyo akinishika shingo ili nisitazame pembeni. “Pale maji iko navuta pumuzi,” alisema. “Hapana weka mukono yako mu kinywa yake.”

Kwa hiyo alikuwa na amri moja tu, na aliirudia kila mfanyakazi mpya alipokuja: hakuna mtu kuingia majini vanne ikiwa wazi. Kwanza unashusha vanne. Maji yanatulia pande zote mbili, nyasi zinalegea zenyewe, na hapo hata mtoto wa ubatizo angeweza kuzitoa. Mtu alipomwambia kwamba kuna kamba ya kujifunga kiunoni, alicheka. Kamba, alisema, inarudisha maiti, hairudishi mtu.

Sasa mtauliza nyasi zote hizo zilitoka wapi. Hapa ndipo hasira yangu inapoanza, na inaanza nyumbani kwangu.

Ninyi wadogo hamkuiona Salongo ilipokuwa na nguvu. Kila Jumamosi alasiri, kazi ya lazima kwa wote: mwalimu, muuza samaki, karani, mama mwenye mimba, kila mtu na panga au jembe, kufyeka nyasi za barabarani, kuzibua mitaro, kukata migomba iliyozaa. Chef de quartier, mkubwa wa mtaa, alisimama juu na filimbi. Mimi sina ugomvi na usafi. Nauliza tu: nyasi zikishafyekwa zinaenda wapi? Zikikusanywa kando ya njia, inspekta akipita anaona vilima na kusema quartier hii ni chafu. Zikichomwa zikiwa mbichi, ni moshi kwa majirani. Fasi moja tu ilikuwa haina inspekta, nayo ni mto. Basi Jumamosi jioni watu wote walisimama kwenye ukingo, wakatupa, wakaimba, wakarudi nyumbani wakijivunia mji wao. Na Jumapili asubuhi, wakati wao wako kanisani, mji mzima ulitufikia sisi kwenye grille.

Tulitoa migomba. Tulitoa mbuzi aliyekufa, mlango wenye kitasa, nusu ya kitanda. Jumapili moja nikavuta fungu la maua ya uzio nikayatambua. Yalikuwa ya uani kwangu. Nilipofika nyumbani nikamkabili mke wangu.

“Cibalonza, jana mulitupa nyasi wapi?”

“Mu mto. Tuweke wapi? Chef anataka fasi yote ikuwe propre.”

“Na unajua inaenda wapi?”

“Si inaenda na maji.”

“Inakuya kwangu!”

Akacheka mpaka akashika ukuta. “Basi ni muzuri, baba watoto. Haiko mwezi utakosa kazi.”

Naye hakuwa mjinga. Alifanya alichoagizwa, kama mji wote, na hakuna aliyeagizwa kufikiria mto unaishia wapi. Papa Mugisho alimfuata yule chef de quartier akamwomba nyasi zipelekwe mashambani zikawe mbolea. Chef akamjibu kwa heshima kabisa kwamba jambo hilo ni zuri, lakini inspekta hapiti mtoni.

Tulikuwa na ingénieur mwema, mhandisi, Citoyen Lwango, yaani Mwananchi Lwango, kama tulivyoamriwa kuitana siku zile. Alitoka Kananga akiwa kijana, akadhani atakaa Kivu kidogo, akaoa hapa na nywele zikaota mvi hapa. Sitaki kusikia mtu akisema kwamba waliosoma hawakujua. Lwango alijua yote tuliyojua sisi, na alipiga kelele kuliko sisi. Aliomba vitu viwili. Cha kwanza, safu ya mapipa matupu yaliyofungwa kwenye waya na kuvuka mto kwa mshazari, ili nyasi zisukumwe ukingoni tukazitoe tukiwa tumesimama kwenye nchi kavu. Cha pili, mdomo mwingine wenye vanne yake, ili mmoja ukisafishwa mwingine uendelee kunywa. Cha pili kilihitaji saruji na mafundi, tulielewa. Lakini mapipa! Mapipa yalikuwepo, yanaota kutu nyuma ya karakana yetu, kuku walitaga ndani yake. Tukajibiwa kwamba mapipa ni mali ya shirika na hayawezi kuwekwa mtoni bila uchunguzi.

Mambo yakabaki hivyo mpaka mheshimiwa mmoja wa baraza la mkoa alipomwoza binti yake. Jumapili hiyo grille iliziba, Papa Mugisho akashusha vanne kama kawaida, na huko ukumbini muziki ukakatika bibi harusi akiwa katikati ya ngoma. Mheshimiwa alisimama barazani na ghadhabu zake zote. Akasema ni aibu mkoa mzima kushindwa na majani. Haikuchukua muda, baraza likapitisha sheria, édit kama walivyoiita, kuhusu mdomo wa bwawa letu. Ilisomwa redioni. Sisi watu wa prise, ambao redio haikuwahi kututaja, tulikumbatiana. Tukanunua kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tukakaa kwenye nyasi zetu zilizokauka, tukanywa.

Lwango akaja na nakala mkononi. Papa Mugisho akampa kikombe.

“Papa Ingénieur, mapipa itafika lini?”

Lwango hakunywa. “Édit haisemi mapipa, Papa. Inasema étude.”

“Étude ni nini?”

“Kuchunguza. Batafanya commission, itachunguza namna ya kuboresha prise.”

Papa Mugisho akaweka kikombe chini polepole. “Kuchunguza nini? Nyasi iko pale. Bakuye Jumapili moja, bachungulie, basikie, barudi kwao. Asubuyi moja inatosha.”

Niliisoma sheria hiyo mwenyewe. Ilieleza nani atakuwa mwenyekiti wa tume, nani makamu, nani katibu, watasafiri na gari gani, ripoti itapelekwa kwa nani na nani. Neno nyasi halikuwemo. Salongo haikuwemo, maana nani angethubutu? Na mwishoni kabisa ilisema kwamba hadi uchunguzi utakapomalizika, chochote kinachohusu mdomo wa bwawa kisibadilishwe. Mnaelewa? Kabla ya sheria tulikosa mapipa kwa uvivu wa watu. Baada ya sheria tulikosa mapipa kwa amri. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi na bado likinijia wakati wa chakula nasukuma sahani.

Tume ilichelewa. Mwenyekiti alihamishwa, makamu akaugua, katibu akapata kazi Kinshasa. Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena, nasi tukaendelea kuvuta na reki na kushusha vanne, na kila tuliposhusha simu ya mezani ililia kwa matusi kutoka mjini. Hatimaye tukaambiwa tume inakuja, Jumapili, baada ya misa kubwa.

Papa Mugisho alifurahi. Kwa mara ya kwanza nilimwona anafurahia Jumapili ya kazi. Alisema siku waliyochagua ni hiyo hiyo, watakuta nyasi zimejaa, watasikia maji yanavyolia, hata asiye na masikio atasikia. Alitaka tusiguse grille mpaka wafike. Lwango alikubaliana naye.

Lakini Mkurugenzi wa shirika, kule mjini, alikuwa na mawazo mengine. Wageni wakubwa wanapita, basi njia iwe safi. Jumamosi hiyo ikatangazwa Salongo ya pekee, kutwa nzima, bonde lote, kutoka mjini mpaka kwetu. Lwango alipiga simu akiomba jambo moja, nyasi zisitupwe mtoni. Akaambiwa ujumbe utafikishwa. Alasiri nilisimama juu ya ukuta wa bwawa nikaona vikundi vya watu kwenye vilima, nguo zao za rangi, nasikia filimbi na nyimbo. Mto ulianza kubadilika rangi kabla jua halijashuka.

Jumapili asubuhi grille haikuonekana. Kulikuwa na mkeka wa kijani ambao kuku angeweza kutembea juu yake. Maji ya mbele yalikuwa yamefunika alama nyekundu, ya nyuma yako chini kabisa. Lwango alikuwa ameitwa mjini kuwapokea wageni na kupanda nao gari. Pale prise tulikuwa Papa Mugisho, mimi, na Bahati, kibarua aliyeoa mwezi uliopita. Papa Mugisho akatazama mkeka ule, akasugua mikono.

“Njo vile. Baone sasa.”

Akafika Adjoint, msaidizi wa Mkurugenzi, kwa gari, amevaa abacost mpya, ile suti ya wakubwa isiyo na tai. Alitangulia kuona kama mahali pako tayari. Alipoona grille akashika kichwa.

“Citoyens, uchafu gani huu? Wageni wanakuja leo!”

“Njo uchafu banakuya kuchunguza, Citoyen Adjoint,” akasema Papa Mugisho. “Acha baone.”

“Baone nini? Hii ni aibu ya mkoa. Safisheni haraka.”

“Sawa. Tunashusha vanne, dakika kidogo inakuwa propre.”

Hapo ndipo Adjoint alipotoa kufuli mfukoni. Aliitoa mjini. Alikuja nayo makusudi. Akaenda mwenyewe kwenye gurudumu la vanne, akapitisha mnyororo, akafunga, akaweka ufunguo kwenye mfuko wa kifuani. Alisema wajumbe wako ukumbini na hotuba zinaendelea kwa vipaza sauti, na Mkurugenzi ameapa kwamba leo umeme hautakatika hata kwa kupepesa jicho.

Tukavuta na reki tukiwa juu. Nyasi za juu zilitoka, lakini chini kulikuwa na mgomba umelala kwa kukingama, umeshika zote, na reki iliteleza juu yake. Adjoint akaangalia saa yake. Akaniambia niingie majini. Nikakataa. Nilimwambia kwa Kifaransa changu cha shule, ili asije akasema hakuelewa, kwamba anayeingia pale vanne ikiwa wazi hatoki. Akasema jina langu litafika mbali. Nikasema liende. Akamgeukia Bahati.

“Wewe, kibarua. Kesho unataka kazi ama hautaki?”

Bahati akaanza kuvua shati. Papa Mugisho akamshika kiwiko.

“Huyu hapana,” akasema. “Juzi tu alileta bibi mu nyumba. Nitaingia miye.”

Nilimwambia, Papa, wewe ndiye uliyetufundisha. Nilipiga kelele. Akajifunga kamba kiunoni, fundo lile lile alilolicheka maisha yake yote, akanipa mwisho wake.

“Dieu, shika. Hapana angalia uso yangu, angalia maji.”

Alijua kazi yake. Alishuka pembeni, akashikilia chuma baada ya chuma, akaufikia mgomba kwa mguu, akausukuma, nao ukageuka. Kila kilichokuwa kimeshikwa kikaondoka kwa pamoja, maji yakapata nafasi ya kupita, na yakavuta. Miguu yake ikaenda kwenye grille kwanza, halafu kifua. Bahati na mimi tukavuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Nikamlilia Adjoint alete ufunguo. Mjue alichofanya mtu yule. Alikimbilia simu. Alizungusha mkono wa simu kumwomba Mkurugenzi ruhusa ya kufungua kufuli, na ufunguo uko kifuani mwake. Mjini wakamwambia asubiri, Mkurugenzi yuko kwenye hotuba.

Nilimwacha Bahati na kamba, nikaenda kumkamata Adjoint kwa ile abacost na kuutoa ufunguo mwenyewe. Vanne ikashuka. Maji yakatulia pande zote mbili kama alivyotufundisha, nyasi zikalegea zenyewe, na Papa Mugisho naye akalegea, akaelea. Tulimlaza kwenye nyumba ya mlinzi. Maji yalimtoka, uhai haukurudi.

Na grille ilikuwa safi. Haikuwahi kuwa safi vile tangu ijengwe.

Adjoint akapandisha vanne. Magari yakafika. Akina mama wa animation, kikundi cha kuwaimbia wakubwa, wakacheza, wageni wakashuka na mafaili, wakasimama juu ya mdomo na kutazama chini. Mmoja akapiga picha. Mwingine akasema kwa Kifaransa kwamba ameona midomo ya mabwawa mengi, na huu umetunzwa vizuri sana. Nilijipenyeza kati yao, nguo zinatiririka maji.

“Wakubwa, muzee wetu iko mule ndani ya nyumba, amekufa. Amekufa leo asubuyi, juu ya kusafisha hii munaangalia.”

Lwango, aliyekuwa ndio kwanza ameshuka garini, akanitazama, akakimbia kuelekea nyumba ya mlinzi. Mwenyekiti wa tume akavua kofia. Nami nikadhani nimesikiwa. Kisha akavaa kofia akasema anasikitika sana, ila msiba huo ni suala la utawala wa ndani wa shirika. Tume yake, alisema, inahusika na mdomo wa bwawa.

Mimi ni Mkatoliki, na nimemsamehe Adjoint, au angalau nimemwambia padri hivyo. Yule mwenyekiti sijamsamehe. Ripoti ilipotoka ilisema grille iko katika hali nzuri, ikasifu nidhamu ya wafanyakazi, ikapendekeza uchunguzi zaidi kabla ya mabadiliko yoyote. Shirika nalo likaandika kwamba Mugisho alijitia majini bila amri. Maneno hayo yalisomwa mbele ya mjane wake, Maman Nabintu, uani kwake kule Walungu, na watu wote wamekaa chini. Lwango alisimama akasema, “Ni uongo,” mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Kwa hilo alihamishwa.

Jumapili iliyofuata Salongo nyingine, grille ikaziba tena. Kufuli ilikuwa imerudishwa kwenye gurudumu. Bahati akaleta msumeno wa chuma, tukapokezana, tukaikata, nikashusha vanne. Simu ikalia. Sikuishika mpaka tulipomaliza kusafisha. Nilipoitwa mjini, Mkurugenzi aliniuliza ni nani aliyeniruhusu kuuzima mji. Nikamjibu, “Citoyen Directeur, Jumapili inayokuja kuya weye, ntakushikia kamba.” Nikasimamishwa kazi. Haikuwa kwa muda mrefu, kwa sababu nafasi yangu ilitangazwa na hakuna aliyeiomba. Niliporudi, nikakuta wenzangu wanashusha vanne kila Jumapili asubuhi bila kumpigia mtu simu, nasi tukaendelea hivyo mpaka wakubwa wakachoka kutukana. Mapipa hayajawekwa. Tume iliundwa tena mara nyingine na ripoti zake ziko mahali fulani zinalala. Salongo yenyewe ilikuja kufifia, lakini watu walishazoea, na kila mwenye taka anajua njia ya mto.

Miaka yote hiyo sikuwa na Jumapili. Ya kwanza niliipata nilipostaafu. Nilikwenda misa kubwa na Cibalonza, nikakaa benchi la nyuma kama mgeni. Katikati ya mahubiri taa zikazimika na kipaza sauti kikafa, sauti ya padri ikabaki ndogo kule mbele. Watu wakaanza kunung’unika: hawa watu wa umeme, kila Jumapili, hawana hata haya mbele ya Mungu. Maman Nabintu, ambaye siku hizi anaishi mjini kwa binti yake, alikuwa amekaa benchi la tatu. Akageuka nyuma, akawatazama mmoja mmoja.

“Muwaache,” akasema. “Bako mu maji.”